Mama na Vibanio

Chestnut Hill, Philadelphia
11 Februari 2019

Mpendwa Bi. Rentas,

Hatujaonana bado, na naomba uniwie radhi kwa kukuandikia bila kutambulishwa. Jina langu ni Alden Strickler. Nilikuwa daktari wa fizi kwa miaka thelathini na minne. Sasa nimestaafu, mke wangu ameshafariki, na muda wangu wote nautumia kwa picha. Nakusanya kazi za wasanii wa mitaani, wale wanaochora kwenye kuta za watu bila kuomba ruhusa, kisha huchapa nakala chache za karatasi, huziandika namba na kuzitia sahihi.

Katika hao wote, wa kwanza kwangu ni mwanao Efraín, au Tuerca kama mitaa inavyomjua. Na katika kazi zake zote, ya kwanza ni ile uliyomo wewe: mwanamke anaanika mashuka juu ya njia ya reli, vibanio vitatu vya nguo mdomoni. Zilichapwa nakala thelathini tu. Mimi ninazo kumi na nne, na nimezitundika zote kwenye ukuta mmoja. Wageni huniuliza kwa nini mtu atundike picha ileile mara kumi na nne. Sijawahi kupata jibu la kuwaridhisha, wala sioni sababu ya kulitafuta.

Nne nyingine ziko kwa watu ninaowajua kwa majina. Kumi na mbili sikujua ziliko, mpaka Efraín aliponiandikia kutoka gerezani kwamba ziko kwako, chini ya kitanda.

Ninatayarisha orodha kamili ya nakala zote thelathini. Je, utaniruhusu nije nizione? Sitakaa zaidi ya saa moja.

Wako kwa heshima,
Alden Strickler

*

Mtaa wa Cambria
19 Februari 2019

Bwana Daktari,

Barua yako imefika. Meno yangu ni mazima, kwa hiyo nilikuwa sijawahi kusikia jina lako.

Nakushukuru kwa kupenda kazi ya mwanangu. Lakini nikuambie mapema usije ukapoteza mafuta ya gari: haziuzwi. Efraín aliniambia siku wanamchukua, "Mama, hizo kumi na mbili ndiyo maisha yangu nikitoka. Hata akija Papa mwenyewe usimpe." Basi hata Papa sitampa.

Na mimi kuning'inia mara kumi na nne kwenye ukuta wa mwanamume nisiyemjua, sijui nilipokeeje. Siku ile alinichora nilikuwa na gauni la kazi na sikuwa nimechana nywele.

Ukitaka kuangalia tu, njoo Jumapili baada ya misa. Jumatatu mpaka Ijumaa niko jikoni, napikia watoto mia nne na sitini wa shule, na hakuna hata mmoja anayesema asante.

Migdalia Rentas

*

Gerezani
3 Machi 2019

Mama, naomba baraka.

Barua zako huku wananipa nakala tu, karatasi yenyewe inabaki kwao, kwa hiyo kama ulikuwa unapuliza manukato acha, hayafiki.

Ni kweli, mimi ndiye niliyempa daktari anwani. Usininunie. Huyu mzee si kama wale wengine, Mama. Wale walikuwa wanakuja kununua wakiniangalia kama nitawaibia saa. Yeye ananiandikia kila wiki. Anauliza rangi nilichanganya vipi, kwa nini shuka la tatu lina kivuli cha buluu. Humu ndani naitwa kwa namba, halafu inakuja bahasha, mtu ananiuliza habari ya buluu. Nilikaa kitandani nikaisoma mara tatu. Jamaa wa kitanda cha juu, Purnell, akaniambia, "Weye, umepata mchumba?" Nikamwambia nimepata zaidi ya mchumba.

Mpikie. Muonyeshe. Ila usiuze hata moja. Nikitoka Novemba nazitoa mojamoja, mbili kwa mwaka, na kila inayotoka inapandisha zilizobaki. Hesabu nimeshaipiga kichwani. Ya kwanza ni paa lako. Ya pili ni meza yangu ya kuchapia. Na ya tatu tunakwenda Ponce, kule kwetu kisiwani, mimi na wewe, ukamwonyeshe dada yako kwamba mwanao si mhuni wa rangi.

Namba 30 usimpe mtu yeyote kamwe. Hiyo yako.

Mwanao,
Efraín

*

Mtaa wa Cambria
17 Machi 2019

Mungu akubariki, mwanangu.

Daktari wako alikuja. Mrefu, mkavu, koti la bei, viatu kama vimetoka dukani asubuhi ileile. Nilimpikia wali wa mbaazi na bega la nguruwe. Alikula kidogo sana, akisifu kila kijiko, mpaka nikamwambia, "Daktari, wali hausifiwi, unaliwa." Akacheka. Ana meno mazuri, lakini hiyo ilikuwa kazi yake.

Halafu nikazitoa. Alivaa glavu nyeupe, Efraín, kama mtu anayefunga maiti. Akaziweka kitandani mojamoja, akaandika namba kwenye daftari. Kumi na tisa, ishirini, mpaka thelathini. Kila moja aliinamia mpaka pua inagusa. Mimi nimesimama mlangoni, najiona niko kitandani mara kumi na mbili, na mwanamume ameinama juu yangu. Sikupenda. Lakini nilipomwangalia usoni macho yake yalikuwa yamelowa, nikaona aibu kwa fikra zangu.

Akaniuliza, "Hakuna anayejua ziko hapa?"

Nikasema, "Wewe na mimi na Efraín."

Akasema, "Hivyo ni vizuri," akavua glavu.

Alinipeleka kwa gari mpaka kwa mfamasia na kuniletea dawa yangu ya presha hadi mlangoni. Ananipigia simu kila Alhamisi kuuliza kama nimeinywa. Baba yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniuliza hilo.

Kula vizuri. Usigombane.

Mama yako

*

Chestnut Hill
2 Aprili 2019

Mpendwa Migdalia,

Kuhusu tuliyoongea kwenye simu Alhamisi na tena jana, naomba tusiyaandike popote, na Efraín usimdokezee. Barua zake zinasomwa na watu wengine kabla yake.

Narudia tu kile ambacho mtu yeyote anaweza kukisema. Picha hiyo ilionekana kwa mara ya kwanza kwenye daraja la reli, na chini ya daraja hilo mlinzi alijikwaa kwenye ngazi iliyoachwa, akavunjika nyonga. Hakuna aliyeshtakiwa. Nani alikuwa juu ya ngazi siku hiyo, mimi sijui wala sikuulizi. Niliyoyasikia ni maneno ya watu wanaojua mambo ya mahakama. Huenda hayana msingi. Polisi wakiingia nyumba ya mtu wakakuta picha ileile, nakala kumi na mbili, chini ya kitanda cha mama yake, wataliona jambo hilo namna gani? Labda hawataliona kabisa. Mimi ni daktari wa fizi tu.

Uliniuliza kama ningeweza kuzihifadhi kwangu. Nimelifikiria sana. Singeweza. Zikikutwa kwangu nitaulizwa nimezitoa wapi, na kudanganya polisi sijazoea.

Wewe ndiye mama yake. Sina haki ya kukuambia ufanye nini. Ninajua tu kwamba Novemba iko karibu, na ningependa sana kumwona akitoka siku ile aliyoahidiwa.

Umekunywa dawa?

Wako,
Alden

*

Mtaa wa Cambria
9 Aprili 2019

Daktari,

Nimefanya.

Sikuweza kuchoma, kengele ya moto ndani ya nyumba ingelia. Nilijaza beseni la kuogea maji ya moto nikamimina jiki, galoni mbili. Nilizitia zote pamoja. Nilifikiri zitalainika mara moja kama gazeti, lakini karatasi ile ni ngumu, alinunua nzuri. Kwanza iliondoka buluu. Kisha mashuka. Uso wangu ulikaa muda mrefu kuliko vyote, ilibidi niusugue kwa brashi ya sakafu. Mvuke wa jiki uliniingia kifuani, bado nakohoa, kazini wananiambia nisisimame karibu na sufuria.

Zilipolainika nikazichana, nikazitia kwenye mifuko mitatu ya taka. Gari la taka lilipita Jumamosi saa tatu asubuhi. Nilisimama dirishani mpaka likakunja kona.

Namba 30 aliniambia ni yangu. Niliitoa kwenye beseni mara mbili. Mara ya tatu nikairudisha.

Sijui nitamwambiaje. Labda nisimwambie mpaka atoke, nimwonyeshe kwamba ametoka, ndipo nimwambie bei yake. Unaonaje?

Migdalia

*

Chestnut Hill
12 Aprili 2019

Mpendwa Migdalia,

Nimesikitika kusikia habari za kifua chako.

Samahani kwa swali hili: ni zote kumi na mbili? Unasema uliitoa namba 30 mara mbili. Je, iliharibika kabisa, au kuna kipande kilichobaki na namba yake? Kuhusu 19 hadi 29, una hakika uliziona zote zikichanika? Naomba uniandikie kwa kalamu, kila namba kwenye mstari wake, na tarehe. Ni kwa ajili ya orodha tu.

Alden

*

Gerezani
5 Mei 2019

Mama, naomba baraka.

Wiki tano hujaniandikia. Kwenye simu unasema "mzima, mzima" halafu unakohoa. Umeanza kuvuta sigara uzeeni?

Nina habari. Daktari ana nyumba ndogo nyuma ya nyumba yake, zamani ilikuwa ya magari ya farasi. Ina dirisha kubwa upande wa kaskazini. Anasema nikitoka ni yangu, nikae bure, nichape kazi mpya, yeye ataninunulia wino. Kila nitakachochapa nakala ya kwanza iwe yake, basi. Purnell anasema, "Hakuna mzungu anayetoa nyumba bure, atakula figo yako." Nikamwambia figo mbili zote achukue.

Pamoja na zile zetu kumi na mbili, Mama, tumekwisha kuwa watu.

Ziko sawa? Chumba chako kina unyevunyevu upande wa choo. Zisogeze kabatini ikibidi, lakini zilale, usizisimamishe. Niandikie kwamba ziko sawa.

Mwanao,
Efraín

*

Mtaa wa Cambria
12 Mei 2019

Mungu akubariki, mwanangu.

Niko salama. Kikohozi ni cha msimu tu. Nimesogeza kitanda kutoka upande wa choo. Shule zinafungwa Juni, nitapumzika.

Kula.

Mama yako

*

Mtaa wa Cambria
15 Septemba 2019

Daktari Strickler,

Tangu Aprili hujapiga simu hata Alhamisi moja. Nilifikiri unajihadhari kwa ajili ya Efraín. Nikakuheshimu zaidi.

Jumatatu mwenzangu wa jikoni, Altagracia, alileta kijitabu. Binti yake anafanya usafi kwenye jumba la maonyesho kule mjini. Akasema, "Migdalia, si wewe huyu?" Ni mimi. Ukurasa mzima. Chini yake nimesomewa, na baadaye nikasoma mwenyewe polepole: zilikuwa thelathini, zimebaki kumi na nane, kumi na mbili ziliharibiwa na mama wa msanii kwa mkono wake mwenyewe, kama inavyothibitishwa na barua iliyo mikononi mwa mkusanyaji. Na kwamba sasa mkusanyaji anazo kumi na saba kati ya hizo kumi na nane.

Umeitundika barua yangu ukutani, Daktari? Ile ya kikohozi?

Nikaenda kwa wakili Hoch, yule ambaye mahakama ilimpa Efraín. Nilikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka saa saba. Nikamwuliza habari za daraja, kama kweli wanataka kuifungua upya kesi ya mlinzi. Akafungua mafaili yake, akanitazama kama mgonjwa. Akasema mlinzi yule alijikwaa kwenye ngazi ya kampuni yao wenyewe ya reli, alilipwa, kesi ikafungwa mwaka kabla mwanangu hajakamatwa. Hakuna polisi aliyewahi kuuliza habari za picha. Akaniuliza, "Nani alikuambia mambo haya?"

Sikuweza kutaja jina lako. Nilikuwa naona aibu, si kwa ajili yako, kwa ajili yangu.

Nakuuliza mara moja tu. Ulijua?

Migdalia Rentas

*

Chestnut Hill
20 Septemba 2019

Bi. Rentas,

Ninazo nakala za barua zangu zote, na nimezisoma upya kabla ya kukujibu. Hakuna mahali nilipokuambia uharibu chochote. Niliandika kwamba huenda maneno yale hayana msingi. Niliandika kwamba sina haki ya kukuambia ufanye nini. Uamuzi ulikuwa wako, ukaufanya, na ukanieleza kwa undani ambao sikuuomba.

Unauliza kama nilijua. Nilijua kwamba picha kumi na mbili zilizolala chini ya kitanda, karibu na choo, kwa mtu anayeziona kama akiba ya kuezekea paa, zilikuwa zinakwenda kutawanyika. Mbili kwa mwaka, Efraín aliniandikia. Mbili kwa mwaka, kwa wenye baa na wachezaji wa mpira wa kikapu. Picha ile haikustahili hivyo. Kitu kikiwa kingi watu hawakioni. Sasa kiko kichache, na wataanza kukiona, na jina la mwanao litapanda kwa kiasi ambacho nyinyi wawili msingekifikia kwa miaka ishirini. Siku moja atanishukuru. Wewe pia, ingawa sitegemei.

Ahadi yangu ya nyumba ya nyuma iko palepale. Nakushauri umwambie Efraín mwenyewe kabla hajakiona kijitabu. Nitamtumia nakala mwisho wa mwezi.

A. Strickler

*

Gerezani
6 Oktoba 2019

Mama,

Barua yako ya tarehe 24 nimeisoma. Nimekaa nayo siku nane ili nisiandike ninavyotaka kuandika. Haikusaidia.

Jiki. Ulizitia kwenye jiki. Miezi sita unaniambia kwenye simu mzima, mzima, umesogeza kitanda. Kitanda chini yake hakuna kitu.

Unasema daktari alikudanganya. Nimemwandikia, naye amenitumia barua zote, zake na zako. Mama, hakudanganya. Alisema huenda. Wewe ndiye uliyesikia "huenda" ukakimbilia beseni. Ungeniuliza. Ungemwuliza Hoch mwezi wa nne, si wa tisa. Kila kitu kwako ni polisi. Tangu nina miaka saba ukisikia king'ora unafunga pazia. Uliogopa, na woga wako umekula paa, umekula meza, umekula kila nilichokuwa nacho nje.

Na unataka nimkatae. Halafu niende wapi? Kwako? Nilale kwenye kochi, nisikilize unavyokohoa, asubuhi unipe pesa ya basi? Yeye ana nyumba yenye dirisha. Ni mjanja, sawa, naona. Amenipiga. Lakini amenipiga mtu anayejua thamani ya nilichokifanya. Wewe ulikilalia miaka miwili na hukujua.

Natoka tarehe 21 Novemba. Nitakwenda kwake.

Efraín

*

Mtaa wa Cambria
14 Oktoba 2019

Daktari Strickler,

Hii ndiyo barua ya mwisho nitakayokuandikia. Itunze vizuri na hizo nyingine.

Picha zile zilichapwa wiki ya kabla ya Pasaka, miaka mitatu iliyopita. Efraín alizichapa mwenyewe, zote thelathini, ndani ya siku mbili, kwenye karakana ya rafiki yake. Siku ya pili wakati wa kuondoka alifunga mlango wa gari juu ya vidole vyake. Vitatu vilivunjika. Alikuja kwangu mkono umefungwa kama mkate. Wanunuzi walikuwa wanakuja Jumamosi, na bila sahihi hazinunuliwi. Akazimwaga juu ya meza ya jikoni, akaniambia, "Mama, andika wewe. Una mwandiko mzuri kuliko mimi."

Nikamwambia huo ni uongo, akasema, "Uongo gani, jina ni langu na uso ni wako, wote tumo." Tulicheka. Nilinawa mikono, nikafuta meza, nikachukua penseli. Yeye alikaa karibu yangu akinifundisha namna ya kuivuta ile T ya Tuerca. Nilianza 1 mpaka 30, namba na jina. Ilichukua kuanzia chakula cha mchana mpaka nilipoanza kukaanga ndizi za jioni.

Kwa hiyo hizo kumi na saba zako, Daktari, zimetiwa sahihi na mpishi wa shule.

Usiniamini mimi, mimi ni mwanamke mwoga. Lakini una barua zangu kadhaa, na katika moja uliniandikisha namba kumi na mbili kwa mkono wangu, kila moja kwenye mstari wake, kama ulivyoagiza. Iweke kando ya picha. Tazama 7 zangu, nazikata katikati, hivyo ndivyo tulivyofundishwa Ponce. Tazama mkia wa 9. Una miwani mizuri na glavu.

Sitamwambia mtu mwingine. Ni jina la mwanangu. Na wewe hutamwambia mtu, kwa sababu ni ukuta wako. Kaa nao.

Migdalia Rentas

*

Chestnut Hill
18 Oktoba 2019

Mpendwa Efraín,

Nina swali moja, na naomba unijibu kwa posta ya kwanza. Mama yako amedai kwamba sahihi na namba kwenye nakala za "Mama na Vibanio" si za mkono wako, na anataja hata namna namba 7 inavyokatwa katikati. Sina shaka ni uchungu wa mtu aliyekosea. Lakini ningependa jibu lako kwa maandishi, niliweke kwenye kumbukumbu.

Fundi wa madirisha ya nyumba ya nyuma amekuja leo kupima. Nimemwambia asubiri kidogo kabla ya kuagiza vioo.

Alden

*

Gerezani
28 Oktoba 2019

Mama,

Umemwambia. Katika watu wote duniani, umemwambia yeye.

Nimemjibu. Nimeandika kwamba nilizitia sahihi mwenyewe, zote thelathini, kwa mkono wangu, na kwamba tangu baba afariki akili yako imekuwa ikipotea, unakumbuka mambo ambayo hayakutokea. Nimeandika kwamba namba 7 ulijifunza kuikata kwa kuniona mimi. Nimetia sahihi mbele ya afisa, naye akagonga muhuri.

Leo nimepata jibu. Anasema amefarijika sana. Vioo vimeagizwa.

Ulitaka nifanyeje? Hebu niambie. Nikisema kweli, hakuna hata karatasi moja yenye jina langu ambayo mtu atainunua tena, ya zamani wala mpya. Nilikuwa na kumi na mbili ukazitoa, sasa ulitaka utoe na jina.

Akikuuliza tena, sema hukumbuki. Wakikuuliza wengine, sema hukumbuki. Hilo unaweza kunifanyia.

Najua ulinisaidia siku ile. Najua. Usiniandikie habari zake.

Efraín

*

Mtaa wa Cambria
5 Novemba 2019

Mungu akubariki, mwanangu.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, koti bado mwilini. Nikaisoma tena nimekaa.

Sawa. Sitabishana na wewe mbele ya mgeni. Akiuliza, sikumbuki. Mpelelezi akija, mwandishi wa gazeti akija, yeyote, nitasema akili yangu imepotea, na nitaangalia ukutani kama wazee wanavyofanya. Nimeshamfanyia zoezi Altagracia leo jikoni. Aliniuliza habari za kijitabu nikamwambia, "Kijitabu kipi?" Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Nakuomba tu ujue kwamba kosa la beseni ni langu na nimelikubali. Niliogopa, ni kweli, nimekuwa mwoga tangu siku ulipozaliwa, na kabla ya hapo sikuwa hivyo. Lakini ile siku ya penseli haikuwa kosa. Sijaomba unirudishie kitu chochote ila hicho, nawe umekikana kwa muhuri.

Nimemaliza mkataba wa kuuza nyumba. Mwisho wa mwezi nakwenda Ponce kwa dada yangu. Kifua hakiwezi baridi nyingine, daktari wa kweli amesema. Nguo zako, viatu, na redio ya baba yako nimeviweka kwa Altagracia, mlango wa pili baada ya kinyozi.

Kwa tarehe 21 nilikuwa nimeomba ruhusa kazini tangu Januari, nije nikupokee getini. Nimeirudisha. Yeye ana gari.

Ukifika huko nyumba ya dirisha utachora, najua, huwezi kukaa bila kuchora. Chora treni. Chora Purnell. Chora chochote unachokiona.

Usinichore mimi tena.

Migdalia Rentas